Bagi, Mchanga na Chakula cha Mchana: Matembezi ya Likizo kutoka Mukuyuni

Bagi ni gari la mabomba ya chuma, lenye viti viwili au vinne, magurudumu mapana na injini iliyokaa nyuma. Halina milango, mara nyingi halina hata kioo cha mbele, na vumbi linalotimua humwingia kinywani anayefuata nyuma. Lilitokea California, Marekani, ambako mwaka 1964 fundi wa mashua aliyeitwa Bruce Meyers alichukua injini na mitambo ya Volkswagen, ile ndogo ya mgongo wa kobe, akaiweka kwenye bodi ya faiba. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1967, gari la aina hiyo lilishinda mashindano ya kwanza ya masafa marefu kuvuka nyika za Baja, Meksiko, na tangu hapo watu wa likizo hawajaacha kulitaka. Mabagi ya siku hizi hutoka kiwandani yakiwa tayari, na mengi huendeshwa kama skuta, bila kubadilisha gia kwa mkono. Urahisi huo ndio unaowaponza wengi. Mtu akiona hakuna klachi hudhani hakuna la kujifunza.

Kwa familia iliyorudi nyumbani Mukuyuni, kaunti ya Makueni, kwa likizo ya Agosti au Desemba, kazi ya kupanga huanza na jina la mahali. Mukuyu kwa Kikamba ni mkuyu, na kwa kuwa mikuyu huota kandokando ya mito na chemchemi, jina hilo halipatikani mahali pamoja tu. Mbali na Mukuyuni ya Makueni, ipo wadi ya Mukuyuni katika eneo bunge la Kabuchai, Bungoma. Anayeleta gari juu ya trela kutoka Nairobi apewe jina la kaunti na la soko lililo karibu, asiachiwe simu imchagulie njia. Kosa la namna hiyo humaliza siku nzima kabla injini haijawashwa.

Kisha huja suala la mchanga wenyewe. Makueni na Kitui hazina upungufu wa mchanga. Mito mingi ya huko ni ya msimu: hujaa maji kwa siku chache, halafu kwa miezi hubaki utepe mpana, mweupe, laini, unaong'aa juani kana kwamba umetandazwa kwa ajili ya magurudumu. Mto Thwake, ambao humwaga maji yake Athi kwenye mpaka wa Makueni na Kitui, ni mfano mzuri. Mgeni akisimama kwenye daraja na kutazama chini, wazo la kwanza ni kuteremsha bagi. Wazo hilo ni baya, na sababu zake zinafaa kuelezwa kwa kituo, kwa maana ndizo zinazotofautisha matembezi ya Ukambani na matembezi ya jangwani.

Mchanga wa mto mkavu ni tangi. Juu ni mkavu, unachoma nyayo; ukichimba futi moja au mbili, unakuwa mweusi, kisha maji huanza kujikusanya polepole, safi, yaliyochujwa na mchanga wenyewe. Hapo ndipo wanawake na watoto huchimba visima vyao vya mkono, huzungushia matawi ya miiba kuzuia mifugo, na huchota kwa kata hadi mtungi wa lita 20 ujae. Watu wa huko wameifanya hali hiyo kuwa elimu. Hujenga ukuta wa zege kukinga mto, mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha humo yasikaushwe na jua. Joshua Mukusya na wenzake wa kikundi cha Utooni walianza kujipanga mwishoni mwa miaka ya 1970, na leo mabwawa ya mchanga ya Ukambani huwaleta wageni kutoka nchi nyingine kavu kuja kujifunza.

Bagi likipita hapo hubomoa kingo za visima, huponda majani yaliyopandwa kushika ukingo wa mto, na likivuja oili, oili hiyo huishia kwenye mtungi wa mtu. Wala hatari si ya wenyeji peke yao. Kisima kilichoachwa hufunikwa na mchanga mwembamba juu, na gurudumu la mbele likikipata, gari husimama kwa pua.

Zaidi ya hapo, mchanga ni jambo zito Makueni. Watu wamewahi kuuawa katika ugomvi wa kuuchota na kuusafirisha kwenda kwenye majengo ya mijini. Mwaka 2015 kaunti ilitunga sheria ya uhifadhi na matumizi ya mchanga na kuunda mamlaka ya kuisimamia. Sheria hiyo inalenga uchotaji, haikuandikwa kwa ajili ya matembezi, lakini gari geni likionekana mtoni asubuhi na mapema haliulizwi limekuja kufanya nini. Wanakijiji hujipa jibu wenyewe.

Na kuna maji yanayokuja bila kuitwa. Mvua ikinyesha kwenye vilima vya Kilungu au Mbooni, huteremka na kufika nyanda za chini ikiwa mto kamili, huku mjini Wote jua linawaka. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya na jamaa waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na Mto Enziu karibu na Mwingi, kaunti ya Kitui, na watu zaidi ya 30 walikufa. Lilikuwa basi zima, zito kuliko bagi mara nyingi. Kivuko chenye maji ya rangi ya udongo hakijaribiwi, hata kama upande wa pili nyama imeshaiva.

Mito ikiondolewa kwenye hesabu, hubaki njia mbili za kweli. Moja ni kubaki Mukuyuni na kutembelea barabara za vumbi. Nyingine ni kushuka pwani, kwenye mchanga wa matuta hasa.

Barabara za vumbi za upande huu wa Makueni zina kila anachotafuta mwendesha bagi: udongo mwekundu, kona za mlima, mawe, makorongo madogo yaliyochimbwa na mvua, na kila baada ya kilomita chache mandhari hubadilika kutoka mashamba ya mahindi na mbaazi hadi miembe na vichaka vya miiba. Sharti ni kubaki barabarani. Mashamba ya Ukambani yamelimwa kwa matuta ya fanya juu, yaani mfereji huchimbwa kukingama mteremko na udongo wake kurushwa upande wa juu, ukawa ukuta unaozuia maji na udongo visikimbie. Katika miaka ya 1930 wilaya ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992, ilisemwa kuwa inaelekea kuwa jangwa kwa mmomonyoko. Matuta hayo, yaliyochimbwa kwa majembe na vikundi vya wanakijiji, yalibadilisha hali kiasi kwamba watafiti Tiffen, Mortimore na Gichuki waliandika kitabu kizima kuhusu mabadiliko hayo, kikatoka mwaka 1994. Gurudumu moja likikata tuta, mvua ya kwanza humalizia kazi iliyobaki. Mwenye shamba huona alama ya tairi, na anajua ilitoka wapi.

Kwa hiyo pale njia inapopita uani au shambani mwa mtu, ruhusa huombwa siku moja kabla, kwa miguu, injini ikiwa imezimwa. Mama mwenye shamba huitwa mwaitu, na mgeni anayeanza na neno hilo pamoja na salamu kamili hupata zaidi ya ruhusa. Huambiwa daraja gani limebomoka na ng'ombe wa nani hupitishwa saa ngapi. Habari hizo haziko kwenye ramani yoyote.

Barabara ya umma nayo ina masharti yake. Gari lolote linaloikanyaga linahitaji namba za usajili na bima ya mtu wa tatu, na mabagi mengi ya kukodi hayana kimojawapo, kwa kuwa yametengenezwa kuchezewa mahali palipotengwa. Anayekodi aulize hilo mapema na aonyeshwe karatasi. Jibu la "hakuna shida, polisi wanatujua" si jibu. Kama gari halina karatasi, liendeshwe ndani ya shamba kubwa la mtu aliyekubali, na libebwe juu ya trela hadi hapo.

Njia ya pwani hudai siku mbili au tatu. Kutoka Mukuyuni msafiri hushuka hadi Emali, ambako treni ya abiria inayosimama vituoni kati ya Nairobi na Mombasa hupita. Reli hiyo ilifunguliwa mwaka 2017. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kilomita 120 hivi, na ng'ambo ya Mto Sabaki ndipo palipo Mambrui, mji wa kale wa Waswahili, na ufuo wenye matuta ya mchanga yaliyokusanywa na upepo. Chanzo cha mchanga huo ni jambo la kufurahisha kwa mtu wa Makueni. Sabaki ndiyo Athi ile ile, iliyobadilisha jina njiani. Mchanga uliokatazwa kukanyagwa mtoni nyumbani, punje zake nyingine husukumwa na maji hadi baharini, zikarudishwa ufuoni na mawimbi, na upepo ukazipandisha kuwa vilima.

Hata huko, si kila tuta ni la magurudumu. Matuta ya Shela, kisiwani Lamu, ni chanzo cha maji matamu ya mji wa Lamu: mvua huzama mchangani na kukaa juu ya maji ya chumvi, nayo huchotwa visimani. Ni tangi jingine, la pwani. Na kwenye fuo za Malindi na Watamu kasa hupanda usiku kutaga mayai mchangani, juu ya alama ya maji makuu, mahali ambapo dereva mgeni hupaona pazuri pa kupitia kwa kuwa pamekauka. Ndiyo maana matembezi ya pwani hufanywa na mwongoza njia wa hapo hapo, hata kama dereva amekwisha kuendesha Dubai au kwenye mchanga wa Sharqiya kule Oman. Diani na kaskazini mwa Unguja wakodishaji ni wengi zaidi, lakini njia zao nyingi ni za vijijini na vichakani. Anayetaka vilima vya mchanga asikubali kuuziwa vichaka.

Msimu huchaguliwa kwa mvua na upepo. Makueni hupata mvua za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na hizo ndizo za kutegemewa zaidi Ukambani. Masika huja Machi hadi Mei na mara nyingi hukatisha tamaa. Likizo ya Agosti ni kavu na baridi ya kupendeza, asubuhi ukungu ukiwa umelala Kilungu, hivyo ndiyo bora kwa barabara za vumbi. Desemba udongo mwekundu huwa sabuni. Pwani mambo ni kinyume. Agosti kusi huvuma kwa nguvu kutoka baharini na mchanga huruka hadi ndani ya sahani. Kaskazi ikishaingia, Januari na Februari, matuta hutulia, ila joto huwa kali.

Ukodishaji wenyewe hauhitaji maelezo marefu. Bei huulizwa kwa saa na kwa siku, na huulizwa kama imejumuisha petroli, kofia ngumu na mwongozaji. Gari hupigwa picha pande zote kabla ya kuondoka, ili mkwaruzo wa jana usilipwe leo. Malipo ya awali yakitumwa kwa M-Pesa, ujumbe wake usifutwe hadi amana irudi.

Vifaa vya kubeba ni vichache lakini havina mbadala: koleo, kamba imara ya kuvutia, kipimo cha upepo wa tairi na pampu, magunia mawili matupu, maji ya kunywa ya kutosha siku nzima hata kama matembezi ni ya saa tatu, na sanduku la huduma ya kwanza. Namba za dharura za Kenya ni 999 na 112. Miwani ya kukinga vumbi si mapambo. Leso na mitandio mirefu hufungwa ndani ya koti, kwa kuwa kitambaa kinachopepea karibu na gurudumu lililo wazi huvuta shingo.

Kuhusu uendeshaji, mambo mawili yanashinda mengine yote. La kwanza ni upepo wa tairi. Tairi ngumu hukata mchanga na kuzama; iliyopunguzwa upepo hujitandaza na kuelea. Gari la kawaida la magurudumu manne linalotembea lami kwa pauni 30 na kitu hushushwa hadi 15 au 18 linapoingia mchangani, na hujazwa tena kabla ya kurudi barabarani. Mabagi huwa na tairi laini tangu mwanzo, hivyo mwenye gari huulizwa kipimo chake. La pili ni kilele. Tuta hupandwa kwa kulielekea moja kwa moja, kamwe si kwa ubavu, kwa kuwa gari lililoinama upande huviringika. Na karibu na juu mguu hulegezwa, maana ng'ambo ya kilele huenda pana shimo, au pana bagi jingine linapanda. Gurudumu likizama, dereva anayeendelea kukanyaga mafuta hujichimbia kaburi la gari. Mchanga huondolewa kwa koleo mbele ya magurudumu, magunia hutandikwa, na abiria hushuka kusukuma.

Mkanda hufungwa kila mara, na mikono hubaki ndani ya mabomba. Gari likipinduka, mtu hunyoosha mkono ili alizuie, na mkono huo ndio unaovunjika. Watoto ambao miguu yao haifiki sakafuni hubaki kwenye kivuli cha mwembe pamoja na bibi yao, na wakilia walie.

Hapo ndipo chakula cha mchana kinapoingia, na ni kosa la kawaida kukiacha kipangwe na njaa. Katika matembezi ya Mukuyuni, chakula ndicho kinachopanga saa nyingine zote. Magari yakiondoka saa moja asubuhi, hadi saa sita miili imetikisika vya kutosha na jua limeshakuwa kali; mtu mwenye njaa na uchovu huendesha vibaya, na mlevi haruhusiwi kabisa, pombe yoyote ingoje hadi funguo zirudishwe. Kwa hiyo mahali pa kula huchaguliwa kwanza, penye kivuli na maji ya kunawa, kisha njia huchorwa ili ifike hapo kati ya saa sita na saa saba.

Nyama choma ni jibu la wengi. Buchani mbuzi hupimwa kwa kilo, mteja huonyesha mguu au mbavu, kisha husubiri. Kusubiri huko ni saa moja na zaidi, tena bila kuhesabu foleni ya siku ya soko. Simu ipigwe saa nne na nyama iwekwe jikoni, kundi likifika likute kachumbari inakatwa na ugali unasongwa. Asiyepiga simu hula saa tisa, akarudi gizani.

Lakini anayepokea wageni kutoka mbali, au watoto waliokulia Nairobi, atawatendea haki zaidi akiwapa muthokoi. Ni mahindi yaliyoloweshwa kidogo na kutwangwa kwenye kinu hadi ganda la nje litoke, yakabaki meupe, mviringo, laini kwa kuguswa. Hupikwa pamoja na maharagwe au mbaazi, nzuu kama zinavyoitwa huko, na mbaazi ndizo zinazoupa utamu. Haukubali haraka. Hulowekwa usiku wa kuamkia matembezi, huwekwa motoni alfajiri magari yanapokaguliwa, na huachwa kwenye moto mdogo asubuhi nzima. Saa sita punje zimepasuka, maji yamekauka, na kitunguu na nyanya zikikaangwa pembeni na kumiminwa juu, harufu hufika barabarani kabla ya sufuria kuonekana. Faida yake kwa msafara ni kwamba hauharibiki kwa kuchelewa. Gari likizama kwa nusu saa, muthokoi huzidi kulainika, wakati nyama ingekuwa imekuwa kiatu. Baada yake ni tunda: Makueni ni nchi ya maembe na machungwa, na likizo ya Desemba maembe yanaanza kuiva kwenye miti hiyo hiyo inayotoa kivuli.

Pwani saa ya kula huamuliwa na bahari. Siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa alasiri, hivyo ufuo huwa mpana asubuhi, na maji yanapoanza kupanda watu huondoa magari na kukaa kwa wali wa nazi na samaki wa kupaka. Siku za maji mafu mambo hugeuka, maji yakawa juu asubuhi, na matembezi ya ufuoni huahirishwa. Mvuvi yeyote wa Mambrui huyajua hayo bila kutazama jedwali.

Baada ya kula, mapumziko ya saa moja yanatosha, kisha huja kukusanya. Mifupa hupewa mbwa wa mwenyeji, chupa na mifuko hurudi garini, na sahani za watu huoshwa kabla ya kurudishwa. Njia ya kurudi iwe fupi kuliko ya kwenda, kwa kuwa mikono imechoka na macho yamejaa vumbi. Mwaka mzima, jua la Makueni huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro dakika kumi, na giza huingia upesi. Bagi liwe juu ya trela kufikia saa kumi na moja.